Ukuta wa Mama Tusa

Mpaka leo nikinusa udongo mweupe uliolowa maji, ule unaochimbwa kando ya mito, naona aibu. Wenzangu mvua ya kwanza ikinyesha wanavuta pumzi na kusema, aah, harufu ya nyumbani. Mimi nafunga dirisha. Ni aibu inayonipanda kutoka tumboni hadi masikioni, na mimi ni mama mtu mzima, nina watoto wa sekondari.

Mwezi uliopita mkuu wa shule ninayofundisha hapa Tunduma aliniita ofisini kwake. Kuna mradi umekuja, akasema, kila shule iwe na klabu ya sanaa, wanafunzi wachore na kuigiza mambo yanayoisumbua jamii ili watu wabadilike.

"Madam, nimekuandika wewe uwe mlezi. Nasikia una mkono."

Nikamwambia sijui kuchora. Akacheka, akaniuliza na zile ramani za ubaoni anazichora nani. Nikajibu kwamba ramani si picha. Nikaomba wiki mbili za kufikiri, na badala ya kufikiri nimekaa naandika haya. Naandika kwa watu wa rika langu, waliosoma kwa kukaa watatu kwenye dawati moja, kwa sababu vijana wataniona nakuza jambo dogo.

Nilikulia Isansa, kule Mbozi. Mtakumbuka enzi zile: mitumba ndiyo imeanza kujaa magulioni, mafuta ya kujipaka yanavuka mpaka kutoka Nakonde, na mwenye redio anaifungulia sauti ya juu ili jirani naye ajue kwamba betri ni mpya. Nyumba zetu zilikuwa za matofali mabichi, na kuzikandika ilikuwa kazi ya akina mama. Akina mama wa kwetu walikandika, wakasiliba, wakapitisha mstari mmoja mweusi chini, wakarudi shambani. Hawakuwa na muda wa zaidi.

Mama Tusa alikuwa na muda, au aliutafuta. Alikuwa Mndali, ameolewa kwetu kutoka Ileje, na alikuja na mambo ya kwao. Ukuta wake wa mbele ulikuwa na mkanda mweusi wa masizi hadi usawa wa goti. Juu ya mkanda zilipangwa pembe nyekundu, zimesimama ncha juu, tuliziita meno. Kati ya jino na jino alibandika madoa matatu meupe kwa ncha ya kidole. Kila mwaka baada ya mvua aliurudia vilevile. Wapita njia walielekezwa kwa ukuta huo: ukifika kwenye nyumba yenye meno, kata kushoto. Mumewe alipofariki aliurudia tena, ila jino la nne kutoka mlangoni aliliacha bila kulijaza rangi. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Hilo ni la baba Tusa."

Mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wake. Mama yangu alinizaa mimi tu na wavulana, na nyumba yetu na ya Mama Tusa zilitenganishwa na mistari mitatu ya mibuni. Alinituma udongo mweupe mtoni, akanifundisha kuuchekecha, akanionyesha kwamba udongo mwekundu ukichanganywa na maji ya majani yaliyochemshwa haupauki upesi. Alinisifia mkono wangu kabla ya mtu mwingine yeyote kunisifia kwa lolote. Binti yake, Tusa, alinizidi mwaka mmoja na alinizidi akili kwa mbali. Yeye udongo hakuupenda. Alipenda vitabu, na alipomaliza la saba akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Katika wasichana wa mtaa wetu alikuwa wa kwanza.

Hapo ndipo nyumba ile ikaanza kuwa na kelele. Baba zake wadogo wawili, waliokuwa wasimamizi tangu kaka yao afariki, wakawa wanakuja jioni. Kutoka kwetu nilisikia maneno nusunusu. Nilisikia mahari. Nilisikia mfanyabiashara wa Tunduma. Sauti iliyopanda kuliko zote ilikuwa ya Mama Tusa. Sikusikia anasema nini, ila nilimwona akitoka nje na kumwaga maji kwa hasira. Mtoto hupima jambo kwa kelele. Nikajua kwamba wanataka kumwoza Tusa, na anayelishikia bango ni mama yake.

Jumapili moja nilibaki nyumbani na homa, wote wamekwenda kanisani. Nikasikia kengele ya baiskeli. Nikachungulia kwenye mibuni. Mwanamume nisiyemjua alikuwa amesimama mbele ya ukuta wenye meno, baiskeli yake imefungwa msumeno mrefu kwenye mtaimbo wa katikati. Mama Tusa alitoka na binti yake. Alikuwa amemfunga kitenge kipya, akamtupia kingine kichwani na kumfunika uso, kama anavyofunikwa mwali siku ya kutolewa. Tusa alikuwa analia. Mama yake akamsukuma kwenye kiti cha nyuma, akamwambia neno sikioni, yule bwana akapanda, wakaondoka kwa njia ya nyuma ya mashamba. Mama Tusa aliwaangalia hadi wakapotea. Kisha akachukua jembe lake akaenda kulima, Jumapili!

Jioni alipiga kelele mtaa mzima. "Mwanangu ametoroka! Jamani, nimetoka shamba nakuta nyumba tupu!" Shemeji zake wakaja mbio. Nikamwona mama yule akigaragara chini na kulia, nami nimesimama palepale nikiwa na homa yangu. Nilimchukia siku hiyo. Nilijisemea, mwongo mkubwa we, umemtoa mtoto wako kwa mwanamume kisha unalia mbele za watu. Sikumwambia mtu. Baba wadogo walikwenda kumtafuta Tusa Vwawa, wakamtafuta Tunduma kwa wiki nzima, wakarudi mikono mitupu.

Ndipo akaja Mwalimu Zawadi. Alikuwa kijana, ametoka chuoni, hajui Kinyiha hata kidogo, na wazee walimcheka kwa kuvaa viatu vya kamba kwenye tope letu. Lakini alitupenda. Alikuta shule haina rangi wala karatasi, akatuuliza mama zetu wanapamba nyumba kwa kitu gani. Kesho yake darasa la sita zima tulikuja na makopo ya udongo. Akatugawia ukuta wa barazani, pale mvua isipofika, kila mtu kipande chake.

"Chora kitu kinachokuuma hapa kijijini," alituambia. "Mkubwa akiambiwa na mtoto hakasiriki? Anakasirika. Lakini picha ataitazama kwanza. Akishatazama, imekwishaingia. Ila tusiandike majina. Tunachora jambo, hatuchori mtu."

Nataka niseme wazi, maana nimemsikia mtu akimlaumu mwalimu huyo: hakukosea. Mwenzangu mmoja alichora ng'ombe wakikojoa kwenye kisima na mama akichota upande wa pili, na haukupita mwezi kisima kikawekewa uzio. Mwingine alichora baba amelala njiani na kofia yake imeliwa na mbuzi, na wanaume wakacheka hadi machozi, na nadhani mmoja wao hakucheka sana. Sanaa ilifanya kazi yake. Yangu ilifanya kazi kuliko zote.

Nilichora siku tatu. Nilichora mama anamsukuma binti yake kwa mwanamume mwenye baiskeli. Binti nikamfunika kitenge, machozi nikayaweka nje ya kitenge ili yaonekane. Baiskeli nikaifunga msumeno. Na nyuma yao nikachora nyumba. Ningeweza kuchora nyumba yoyote, lakini nilitaka iwe nzuri, na nyumba nzuri niliyoijua ilikuwa moja. Nikaweka mkanda mweusi, nikaweka meno, nikaweka madoa matatumatatu. Jino la nne kutoka mlangoni sikulijaza. Sikuandika jina la mtu. Nilitii kabisa.

Siku ya wazazi watu walipita kipande kwa kipande, mikono nyuma. Walipofika kwangu wakasongamana. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nimevimba kichwa. Baba wadogo wa Tusa walisimama muda mrefu. Yule mkubwa akasogea, akaugusa msumeno kwa kidole, akamgeukia mdogo wake.

"Fundi wa mabenchi," alisema.

"Wa Ikinga," mdogo wake akajibu.

Yule mkubwa akaniona natazama, akaniuliza, "Ni wewe uliyechora, binti?" Kabla sijafungua mdomo Mwalimu Zawadi akadakia kwamba picha zote ni za darasa zima. Akatabasamu yule mzee, akasema, "Basi darasa hili lina macho." Baadaye kidogo mwalimu akanipa zawadi ya picha bora, akinipa darasani, milango imefungwa: boksi la penseli za rangi kumi na mbili. Sikuwahi kushika kitu kizuri namna ile.

Jumatatu wale baba wadogo walishuka njia ya Ileje kwa baiskeli mbili. Alhamisi zikarudi, na Tusa yuko nyuma ya mojawapo. Tulikuwa mapumzikoni. Nilikimbia hadi barabarani nikimwita kwa furaha, kwa sababu niliamini nimemwokoa. Niliamini picha yangu imeingia moyoni mwa baba zake wadogo na wamekwenda kumkomboa mikononi mwa yule bwana. Baiskeli ilisimama kidogo, baba yake mdogo aliyembeba akashuka kurudisha mnyororo uliochomoka, mbele ya baraza la shule. Tusa akageuza uso, akaona ukuta. Aliutazama wote, kuanzia kwenye baiskeli hadi kwenye jino lililo wazi. Kisha akatutazama sisi watoto, mmoja baada ya mwingine, anatafuta. Nilirudi nyuma ya wenzangu. Hapo nilikuwa bado sijaelewa, lakini miguu yangu ilikuwa imeshaelewa.

Mama yangu ndiye aliyenieleza, usiku wa siku hiyo tukimenya mahindi, na hakujua anamweleza nani. Yule fundi ni kaka yake Mama Tusa, ndiye aliyetengeneza mabenchi ya kanisa letu kabla sijazaliwa. Tusa alikuwa anafichwa kwake Ikinga, kule Ileje, na zilikuwa zimebaki siku tisa shule ya bweni ifunguliwe. Angekuwa ameshaingia bwenini, wasingeweza tena kumtoa kirahisi. Kitenge alifunikwa asijulikane njiani. Zile kelele za jioni zilikuwa za Mama Tusa akikataa. "Mwanamke amepigana peke yake miezi yote," mama alisema, "halafu sijui mtoto gani wa shule ana laana ya mkono." Niliendelea kumenya mahindi. Nilimenya hadi kidole kikatoka damu, mama akanikaripia kwa uzembe.

Kesho yake Mama Tusa alikuja shuleni na ndoo. Tulikuwa darasani, dirisha linatazama baraza. Mwalimu Zawadi akatoka kumpokea, akamsalimia, "Shikamoo, mama." Mama Tusa aliitikia marahaba kwa adabu zake zote. Akaweka ndoo chini, akachota tope la kahawia kwa mikono, akaanza kukandika picha yangu. Alianza na uso wake mwenyewe. Akaja kwa binti, akaja kwa kaka yake na baiskeli. Nyumba akaiacha mwisho. Alipofika kwenye jino lile tupu alisimama, mkono umejaa tope, nikadhani ataliacha. Alilifunika. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake analia bila kuficha, akasema, "Mama, nisamehe. Ni mimi niliyewaambia wachore." Mama Tusa akanawa, akasema, "Mwanangu, wewe mgeni, hujui nyumba za watu." Hakuuliza ni nani aliyechora. Akabeba ndoo yake, na jioni ile nikamwona kwenye mibuni, anakandika ukuta wa nyumba yake kwa tope lilelile, kuanzia mlangoni hadi kona.

Hakuchora tena. Miaka yote niliyobaki Isansa ukuta ule ulikuwa wa kahawia. Tusa aliolewa Tunduma baada ya mavuno. Mwalimu Zawadi aliitwa kwenye kikao cha kijiji, akaulizwa jina la mtoto, akarudia kwamba picha ni ya darasa zima, na muhula ulipokwisha akahamishwa. Aliondoka na sanduku lake kwenye trekta la mchanga, akatupungia mkono sote, na mimi sikumpungia. Niliogopa akinitazama mtu ataona.

Na zile penseli? Ningependa kuwaambia nilizitupa mtoni. Nilizitumia. Nilichora maua na magari na ndege hadi zikawa vipisi, nikavichonga vipisi hadi vikakataa kushikika. Kwa Mama Tusa niliendelea kwenda, akaendelea kunipa mahindi ya kuchemsha, nikayala. Mara moja tu nilimuuliza kwa nini hachori. Akasema, "Mikono imechoka." Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu.

Nimelifikiria sana kosa langu, na haliko kwenye meno wala kwenye msumeno. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na mimi nilikuwa na taa nyumba ya pili: ningemuuliza Mama Tusa. Nilikuwa nashinda kwake. Nilimhurumia Tusa kiasi cha kumchora machozi, lakini sikumheshimu mama yake kiasi cha kumuuliza swali moja. Nikikubali klabu ya mkuu wa shule, sijui kama nitaweza kuwaambia watoto jambo hilo bila kuwaambia limetoka wapi.

Mama Tusa alifariki mwaka jana. Nilikwenda. Tusa alikuwa amekuja na wanawe wakubwa, mnene kiasi, kichwa kina mvi mbele. Tumeishi mji mmoja miaka yote hii na tukikutana sokoni tunasalimiana kwa wema, "Hujambo, mdogo wangu," "Sijambo, dada, shikamoo," kisha kila mmoja anakumbuka ana haraka. Siku ya kumaliza msiba akina mama walikuwa wanaikandika ile nyumba ya zamani, ambayo sasa ni jiko. Ikaja harufu ile. Tusa akasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

"Nataka ukuta wa mama uwe kama ulivyokuwa," alisema. "Ule wa zamani. Nani anaukumbuka?"

Mmoja akasema ulikuwa na duara. Mwingine akabisha, yalikuwa mawimbi. Mwanamke mzee kuliko wote akasema yalikuwa meno, lakini madoa hakuyakumbuka. Wakabishana hadi wakacheka, kama watu wanavyocheka msibani siku ya mwisho. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nachambua maharage. Ningeweza kuendelea kuyachambua. Nimefanya hivyo maisha yangu yote.

Nikanyanyuka, nikavua viatu, nikaomba kopo. Nilipitisha mkanda mweusi usawa wa goti. Nikapanga meno. Mkono haukusahau hata kidogo, na hilo lilinitia aibu upya. Nilijaza jino la kwanza, la pili, la tatu. La nne nikaliruka, nikaenda kwenye la tano.

Nikasikia hatua nyuma yangu. Tusa alikuwa amesogea. Akanyoosha mkono, akaweka kidole katikati ya jino lile tupu, akakiacha hapo.

"Kumbe wewe," alisema. Hakuuliza.

"Ni mimi, dada."

Nilitaka kusema yote, nilikuwa na homa, nilidhani, nilikuwa mtoto. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililofaa. Rangi nyekundu ilikuwa inanitiririka kwenye kifundo cha mkono. Yeye alikuwa anautazama ukuta, si mimi, anauhesabu kwa macho kama siku ile barabarani.

Nikachovya kidole nijaze jino la tano. Akanishika mkono.

"Hilo usijaze," alisema. "Hilo ni la mama."

Alinisogezea kopo kwa mguu, akaenda kwa wenzake kwenye maharage. Nikaliruka jino la mama, nikaanza la sita.